Jiko Lililozimwa

Daktari wa Calama alichora mlima nyuma ya bahasha,
akaweka nukta juu: hapa ndipo mlipo.
Akaweka nyingine chini, karibu na ukingo wa karatasi:
hapa ndipo mapafu yake yanapotaka kuwa.
Kisha akatuuliza kama tuna ndugu.

Tunao. Wote wako Osorno,
kilomita elfu mbili na mia tano kusini,
nchi ya ng'ombe na mvua aliyoikimbia Yasna
akiwa na miaka kumi na tisa, akiapa
kutovaa tena soksi mbichi.

Mimi niliendesha lori la mgodi,
tairi lake mara mbili ya kimo changu.
Siku saba kazini, siku saba nyumbani,
na bima iliyolipia mtungi, mirija, mashine ya kunyonya makohozi.
Nilirudisha kofia ngumu na ufunguo wa kabati.
Karani akanipa fomu: sababu ya kuacha kazi.
Nafasi ilikuwa ya mstari mmoja.
Nikaandika: hewa.

Tukauza kitanda, tukauza friji.
Wasafiri wengine huhesabu miji;
sisi tulihesabu soketi.
Kituo cha mafuta Chañaral, mgahawa wa madereva,
kanisa moja ambalo mlinzi wake hakuuliza kitu,
alichomoa tu taa za mtakatifu, akatupisha.

Amaro ana miaka miwili na tundu kooni.
Akilia, hatoi sauti.
Ukitaka kumsikia lazima umtazame,
ndiyo maana Yasna alisafiri siku nne amegeuka nyuma,
shingo ikabaki upande hadi wiki ya pili.

Lakini siku ya kwanza tu, barabara ikiteremka Antofagasta,
namba kwenye kidole cha mtoto ilianza kupanda.
Themanini na nane. Tisini na moja.
Hewa ilipoanza kunuka chumvi, tisini na nne.
Nikaegesha kando. Gari halikuwa na hitilafu.
"Tubaki hapa," nilisema, na nilimaanisha.
Yasna hakugeuza shingo.
"Hewa," akasema, "haishiki zamu ya usiku."

Osorno ilitupokea kwa moshi.
Kila paa lina bomba, kila bomba linafuka,
kuni mbichi, Juni, mawingu yamekalia mji kama kifuniko cha sufuria.
Daktari hakuchora moshi kwenye bahasha yake.
Nilishika usukani nikiwaza kurudi,
sijui wapi.

Mama mkwe wangu Delfina alikuwa mlangoni, amevaa koti.
Lile jiko lake la chuma, lililorithiwa,
linalowaka Machi hadi Novemba,
ambalo juu yake huchemka chai na hukauka nguo
na pembeni yake watu hugombana, huposana, hufa,
lilikuwa baridi. Amelifuta majivu hadi kwenye pembe.
Ndani ya tanuri, palipozoea mikate,
alikuwa amepanga glavu na mirija tuliyotanguliza kwa posta.
Hakulizungumzia. Mikono yake ilikuwa ya buluu.

Jirani, Bwana Ewald, alisema mtoto mmoja hawezi kuzima mtaa.
Bado anawasha. Upande wake
tumeziba madirisha kwa mkanda.

Nyuma ya kalenda ya chakula cha ng'ombe
walikuwa wameandika zamu: Delfina, shangazi Eduvigis,
binamu Lautaro wa miaka kumi na sita, aliyejifunza kunyonya mrija
kwa chupa yenye maziwa yaliyoganda.
Nikatafuta jina langu. Yasna akatafuta lake.
Mgeni siku mbili, sisi tukapewa tatu:
majina yetu yalianza Alhamisi.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu, moyo mdomoni,
kwa kuwa hakuna aliyeniamsha.
Nikakimbia peku hadi chumba cha mbele.
Delfina amekaa kwenye giza, makoti mawili, kofia ya sufi,
uso wake shubiri moja kutoka kwenye uso wa mtoto.

"Usiwashe taa," akasema.
"Analia kidogo tu.
Namsikia."